Uungwana katika Mashindano ya Motokaa

Mashindano ni desturi kongwe ya wanadamu. Watu hushindana kwa mbio, kwa mieleka, kwa ngalawa, kwa ngoma na kwa mashairi, wala hapana taifa lisilo na mchezo wake. Katika kila mchezo mna mambo mawili ambayo jicho la haraka huyaona kuwa ni jambo moja. La kwanza ni kushinda, na la pili ni kushindana. Kushindana ni mti. Kushinda ni tunda lake. Mtu aweza kuliiba tunda bila ya kuupanda mti, na tunda lile lisipungue utamu kinywani mwake; lakini hawezi kujiita mkulima. Swali ninalotaka kulitazama katika insha hii ni hili: mtu aliyepata ushindi bila ya kushindana, ameshinda nini?

Nimechagua kulipima swali hili kwa mbio za motokaa, kwa sababu ni mchezo ambao watu wengi wanaulaumu kuwa uungwana wake umekufa. Msomaji wa Afrika Mashariki huzijua mbio hizi zaidi kwa jina la Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika Safari kila dereva huondoka kwa zamu yake, akashindana na saa, matope na vumbi. Mwenziwe hamwoni ila akimfikia njiani au akimkuta amekwama. Mbio ninazozisemea hapa ni za namna nyingine. Ni zile za Grand Prix, ambazo ubingwa wake wa dunia ulianzishwa mwaka 1950. Humo motokaa ishirini hivi huondoka kwa pamoja katika njia moja ya kuzunguka, gurudumu kwa gurudumu. Dereva aweza kumwona mpinzani wake, kumgusa, na akitaka, kumwondoa. Kwa hiyo uungwana hujaribiwa humo kwa moto mkali zaidi.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Uungwana katika lugha yetu ni neno lenye historia ndefu, na si yote ya kusifiwa. Zamani za utumwa muungwana alikuwa mtu huru, asiyemilikiwa na mtu mwingine. Baadaye maana ya neno ilihama kutoka katika nasaba ikaingia katika tabia, na wahenga wakasema kuwa uungwana ni vitendo. Walakini maana ya kwanza haikupotea yote. Tendo la kiungwana mpaka leo ni tendo la mtu huru: tendo ambalo mtu hulitenda bila ya kusukumwa na fimbo, wala amri, wala hofu, wala ujira. Mtu anayerudisha mkoba uliopotea kwa sababu askari anamtazama amefanya jambo jema, lakini hatuwezi kujua kama ni muungwana mpaka askari aondoke. Maana hii ndiyo nitakayoitumia kama mizani.

Tuanze na tendo moja la mwaka 1958. Mwaka huo Waingereza wawili, Stirling Moss na Mike Hawthorn, walikuwa wakigombea ubingwa wa dunia, Moss katika motokaa ya Vanwall na Hawthorn katika Ferrari. Tarehe 24 Agosti walikutana Porto, katika Ureno. Moss alishinda, na Hawthorn akawa wa pili; lakini karibu na mwisho wa mbio Hawthorn aliteleza, injini ikazimika, naye akaiwasha tena motokaa yake kwa kuipeleka upande ulio kinyume cha mwendo wa mbio. Waamuzi walitaka kumwondolea nafasi yake. Moss, ambaye angekuwa wa kwanza kufaidika na hukumu ile, alikwenda mbele ya waamuzi akatoa ushahidi wa macho yake: Hawthorn alikuwa katika njia ya kando ya waendao kwa miguu, si katika njia ya mbio. Ushahidi ulikubaliwa, na Hawthorn akabaki na alama zake. Msimu ulikwisha mwezi wa Oktoba huko Casablanca, katika Morocco. Moss alikuwa ameshinda mbio nne mwaka ule na Hawthorn moja tu, lakini hesabu ya alama ilimpa Hawthorn 42 na Moss 41. Ubingwa wa dunia Moss hakuupata mwaka ule wala mwaka mwingine wowote, hata alipofariki mwaka 2020.

Tulipime tendo hili. Kama Moss angalinyamaza asingalivunja kanuni hata moja. Asingalisema uongo, wala asingalimsingizia mtu. Kimya chake kingalikuwa halali mbele ya sheria, na kingalimpa kitu alichokitafuta maisha yake yote. Jambo gani basi lilimfanya aseme? Nadhani jawabu ni kuwa Moss alitaka kumshinda Hawthorn, na hakutaka kuondolewa Hawthorn. Mambo haya mawili hufanana kwa matokeo yaandikwayo katika daftari, lakini kwa asili yamepishana kama mchana na usiku. Mbio ni swali linaloulizwa na watu wote wawili kwa pamoja: ni nani kati yetu aliye hodari zaidi? Mpinzani akiondolewa kwa kosa asilolitenda, swali halijajibiwa, limefutwa tu. Moss alichagua kupata jawabu asilolipenda kuliko kukosa jawabu.

Sasa tutazame jozi ya matendo mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza lilitokea Monza, katika Italia, mwezi wa Septemba mwaka 1956. Juan Manuel Fangio wa Argentina alikuwa karibu kuupata ubingwa, lakini motokaa yake iliharibika. Siku zile kanuni ziliruhusu dereva kupanda motokaa ya mwenzake wa timu moja na kugawana naye alama. Luigi Musso, mmoja wa wenzake katika Ferrari, alipofika kubadili magurudumu hakutoka katika motokaa yake, na hakuna haki ya kumlaumu, kwa kuwa alikuwa mbele ya watu wa nchi yake na mbio zilikuwa zake. Kisha akafika Peter Collins, kijana wa miaka 24, naye akiwa bado na tumaini lake mwenyewe la ubingwa. Collins alishuka akampa Fangio usukani. Fangio akamaliza wa pili akawa bingwa. Collins hakupata nafasi ya namna ile tena; alifariki katika mbio za Ujerumani mwaka 1958.

Tendo la pili lilitokea Austria tarehe 12 Mei mwaka 2002. Rubens Barrichello wa Brazil, naye dereva wa Ferrari, aliongoza mbio mpaka akaona mstari wa mwisho. Hapo, katika hatua chache zilizobaki, akapunguza mwendo akampisha Michael Schumacher, kwa kuwa timu ilimwamuru. Watazamaji wakazomea. Schumacher mwenyewe alifadhaika, akampandisha Barrichello katika ngazi ya juu ya jukwaa la washindi. Baadaye FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi duniani, iliwatoza Ferrari na madereva wake faini ya dola milioni 1, nusu yake ikiahirishwa. Na kosa walilohukumiwa lilikuwa la kuvuruga taratibu za jukwaani. Amri yenyewe haikuwa kosa wakati ule.

Mtu wa kwanza alimpa mwenzake ushindi akasifiwa vizazi na vizazi. Mtu wa pili alimpa mwenzake ushindi, na uwanja mzima ukaona haya. Kwa nini? Watu wawili hawa wametoa kitu kimoja, kwa mwenzi wa timu moja, kwa faida ya ubingwa uleule. Methali yetu yatoa jawabu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Collins alitoa kwa moyo wake; Barrichello alitozwa. Zawadi na kodi huweza kuwa na kipimo kimoja cha fedha, lakini hakuna mtu anayemshukuru mlipa kodi kwa ukarimu wake. Watazamaji wa Austria hawakuzomea kutoa. Walizomea kuona mtu hodari akinyang'anywa uhuru wake mbele ya macho yao.

Wakubwa wa mchezo walijaribu kuponya jeraha hilo kwa sheria. Kuanzia mwaka 2003 amri za timu zilizobadili matokeo ya mbio zilikatazwa. Kilichofuata ni kuwa amri zilivaa nguo nyingine zikaendelea kutolewa kwa maneno ya mafumbo. Mwaka 2010, Ferrari walitozwa dola 100,000 baada ya Felipe Massa kumpisha Fernando Alonso katika Ujerumani, na mwaka 2011 katazo lenyewe likaondolewa. Sheria yaweza kumzuia mtu asiibe. Lakini haiwezi kumfanya awe mkarimu, wala kumrudishia uhuru mtu aliyekwisha kuukabidhi.

Hapa msomaji mwenye insafu atanisimamisha. Atasema kuwa kila kizazi huona watu wa zamani walikuwa bora, na kwamba ninachagua malaika wa jana na mashetani wa leo. Pingamizi hili ni la haki. Tarehe 29 Julai mwaka 1973, huko Zandvoort, katika Uholanzi, motokaa ya kijana Roger Williamson ilipinduka ikashika moto. Mtu mmoja tu, David Purley, aliisimamisha yake, akavuka njia kwa miguu, akajaribu kuipindua ile iliyokuwa ikiwaka kwa mikono yake mitupu. Madereva wengine walipita. Wengi wao walidhani kuwa Purley ndiye mwenye motokaa na kwamba amekwisha kuokoka. Mbio hazikusimamishwa, na Williamson akafa. Purley alipewa nishani na serikali ya nchi yake. Miaka mitatu baadaye, Nürburgring katika Ujerumani, madereva wanne walisimama wakamtoa Niki Lauda motoni. Basi zamani nako kulikuwa na kupita na kulikuwa na kusimama.

Tena kuna jambo la zamani ambalo lilifanana na uungwana lakini halikuwa uungwana. Jambo hilo ni hofu ya mauti. Katika msimu ule wa 1958 niliousimulia, Musso alikufa Julai katika Ufaransa, Collins akafa Agosti, na Stuart Lewis-Evans akaungua Casablanca akafa siku chache baadaye. Katika mbio za namna ile, kumgonga mpinzani makusudi kulikuwa karibu sawa na kumwua na kujiua. Mauti ndiyo yaliyokuwa mwamuzi, nayo hayakupokea rufani. Tangu mwaka 1981 vyumba vya madereva vilianza kujengwa kwa nyuzi za kaboni. Baada ya vifo vya Roland Ratzenberger na Ayrton Senna huko Imola mwaka 1994 usalama ulitiliwa mkazo zaidi. Na mwaka 2018 upinde wa titani uliwekwa juu ya kichwa cha kila dereva. Hizi ni neema, na asiye na huruma tu ndiye atakayezisikitikia. Walakini mwamuzi yule mkali alipopewa likizo ilionekana wazi ni nani aliyekuwa akizuiwa na hofu na ni nani aliyejizuia mwenyewe.

Mfano mkubwa ni wa Senna. Mwaka 1989, huko Suzuka katika Japani, yeye na Alain Prost, wenzi wa timu moja, waligongana. Senna aliendelea akashinda, kisha akanyimwa ushindi, na ubingwa ukawa wa Prost. Mwaka 1990 walirudi pale pale. Senna aliomba mwenye nafasi ya kwanza abadilishiwe upande wa kuondokea, akakataliwa, akaona amedhulumiwa mara mbili. Katika kona ya kwanza hakumpisha Prost, akamgonga, wote wawili wakatoka njiani, na Senna akawa bingwa. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alikuwa amekusudia.

Watetezi wake husema kuwa dawa ya moto ni moto. Nakubali kuwa alikuwa na manung'uniko ya kweli. Lakini aliyedhulumiwa na mwamuzi hulipwa haki yake na mwamuzi, wala si na mbavu za mpinzani. Tena tazama alichokipata. Mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake wote siku zile alikuwa na uwezo wa kulijibu swali la mbio kwa namna ambayo hapana mtu angaliweza kulikana. Akachagua kulifuta. Maskini akiiba chakula twamhurumia kwa sababu hana. Tajiri akiiba twashangaa, kwa sababu alichokiiba kilikuwa chake tayari.

Hata hivyo ni mtu huyu huyu ambaye mwaka 1992, Spa katika Ubelgiji, alipomwona Érik Comas amepata ajali na kuzimia katika motokaa yake wakati wa mazoezi, aliisimamisha yake katikati ya njia, akakimbia kwa miguu huku motokaa nyingine zikija kwa kasi, akaizima injini ya Comas na kukishika kichwa chake mpaka waganga walipofika. Hakuamriwa na mtu. Kwa hiyo tusiseme kuwa madereva wa siku hizi wameumbwa kwa udongo mbaya. Moyo uliosimama Spa na moyo uliogonga Suzuka ulikuwa moyo mmoja. Kilichopishana ni kuwa Spa hapakuwa na ubingwa wa kuuziana.

Baada ya Suzuka jambo lile liligeuka kuwa njia iliyokwisha fyekwa. Mwaka 1994 Schumacher na Damon Hill waligongana Adelaide, katika Australia, na Schumacher akawa bingwa kwa alama moja. Waamuzi hawakumtia hatiani. Mwaka 1997, Jerez katika Hispania, alikuwa tena mbele kwa alama moja, akamgeuzia usukani Jacques Villeneuve aliyekuwa akimpita. Safari hii aliyekwama changaraweni ni yeye mwenyewe, na Villeneuve akawa bingwa. Nafasi ya pili ya Schumacher ilifutwa katika orodha ya ubingwa, lakini mbio alizoshinda mwaka ule aliachiwa.

Sasa twafika penye jeraha la wakati wetu, nalo ni la siri zaidi kuliko kugongana. Pale ambapo zamani palikaa hofu, leo imewekwa sheria. Na sheria ikizidi kuwa ndefu, dhamiri hujiona haina kazi. Kosa lina adhabu ya sekunde tano au kumi. Hesabu ikionyesha kuwa faida ni kubwa kuliko sekunde, kosa hununuliwa kama bidhaa dukani. Katika mbio za Saudi Arabia mwezi wa Machi mwaka 2024, Kevin Magnussen alipewa adhabu mbili za sekunde kumi kumi. Kwa kuwa mbio zake zilikuwa zimekwisha haribika, aliwazuia waliokuwa nyuma yake ili mwenzake Nico Hülkenberg apate nafasi ya kubadili magurudumu mbele yao. Hülkenberg alimaliza wa kumi, timu yao ikapata alama moja. Adhabu zililipwa zote. Kwa daftari la sheria hapana anayedai. Lakini je, adhabu iliyogeuka kuwa bei ni adhabu tena?

Kadhalika mwamuzi mwenyewe amegeuka kuwa uwanja wa mashindano. Tarehe 12 Desemba mwaka 2021, Abu Dhabi, Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia katika mbio za mwisho wakiwa na alama sawa. Ajali ilipotokea karibu na mwisho, viongozi wa timu zote mbili walisema na mkuu wa mbio kwa redio, kila mmoja akidai lake kama wakili. Kanuni za kuondoa gari la usalama zilitumiwa kwa namna ambayo uchunguzi wa FIA, uliotolewa Machi 2022, ulieleza kuwa ni kosa la kibinadamu. Verstappen alimpita Hamilton katika mzunguko wa mwisho akawa bingwa. Nalo la kukumbukwa ni kuwa Hamilton, aliyeupoteza ubingwa ule, alimpongeza mwenzake siku ile ile. Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Na hapo palikuwa na mshindani.

Limebaki pingamizi moja, zito kuliko yote. Yasemwa kuwa dereva wa leo ni mwajiriwa. Nyuma yake wapo mafundi mamia wanaokula kwa usukani wake, na matajiri waliotoa mali nyingi. Hana haki ya kutoa zawadi kwa kitu cha watu. Ni kweli kuwa mwajiriwa ana deni kwa mwajiri wake. Adaiwa bidii, utii katika kazi, na siri za kazi. Lakini deni hilo lina mpaka, na mpaka ulionekana Singapore mwaka 2008. Nelson Piquet mwana, dereva wa Renault, aligonga ukuta makusudi ili gari la usalama litoke na mwenzake Alonso ashinde. Na Alonso alishinda. Habari zilifichuka mwaka 2009, baada ya Piquet kuachishwa kazi, alipoieleza FIA kuwa lilikuwa shauri la wakubwa wake. Yeye alikuwa kijana asiye na hakika ya mkataba wake, nasi twaweza kumwonea huruma. Lakini tazama alichokuwa amekiuza: si jasho lake, ambalo mwajiri alikuwa na haki nalo, bali ukweli wa mbio nzima, ambao haukuwa mali yake wala ya mwajiri wake. Ujira hununua mikono. Mtu akitia na dhamiri katika mizani, amerudi katika ile hali ambayo neno muungwana lilitungwa ili kumtenga nayo.

Basi kupungua kwa uungwana tusikupime kwa wingi wa makosa, kwani makosa yalikuwapo na yatakuwapo. Tukupime kwa swali analojiuliza mtu wakati wa majaribu. Moss alijiuliza: je, ni kweli? Wengi wa leo hujiuliza: je, yaadhibiwa, na kwa kiasi gani? Maadamu swali la pili limelifukuza la kwanza, hata mbio zisizo na kosa hata moja zitakuwa zimepungukiwa na kitu.

Na swali hilo halikai katika viwanja vya motokaa peke yake. Mwanafunzi katika chumba cha mtihani hulijua, na mfanyabiashara penye mizani, na mgombea kura penye sanduku. Kila mmoja wao anaweza kumwondoa mpinzani bila ya kumshinda, na daftari likamwandika wa kwanza. Daftari la mwaka 1958 lilimwandika Hawthorn 42 na Moss 41, nalo liliandika sawasawa, kwa sababu mtu wa 41 ndiye aliyelisahihisha.